Mate si Makohozi

Juzi nilipita kwenye maabara yenu hapa Korogwe. Sikwenda kukagua, nilikwenda kupima sukari, maana uzee nao una kazi zake. Binti mmoja mwenye koti jeupe akanitambua. "Shikamoo babu, si wewe ndiye Dakta Makopo?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndiye, ingawa huo udaktari sikuwahi kuusomea. Akanionyesha mashine yenu mpya ya kupima kifua kikuu. Unatia makohozi, unafunga, unakwenda kunywa chai, ukirudi jibu lipo kwenye kioo. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Kisha nikaliona kopo alilokuwa ameshika, kopo la mama mmoja aliyekaa kwenye benchi nje.

"Hebu liinamishe," nikamwambia.

Akaliinamisha, mfuniko ukiwa umefungwa. Kilichokuwa ndani kikakimbilia upande mmoja kama maji.

"Hayo ni mate," nikasema, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

"Babu, hii mashine ni kali sana. Inaona hata kidogo."

Inaona hata kidogo, sawa. Lakini kisichokuwamo itakionaje? Nilirudi nyumbani Kilole nimenuna, mpaka mke wangu akaniuliza kama sukari imepanda. Ndiyo maana leo nimekaa kuwaandikia ninyi vijana wa maabara. Ninyi ni wepesi wa mikono na mna mashine nzuri. Nami nina kosa moja ambalo sitaki mtu mwingine alirudie.

Kazi yangu ilikuwa kusoma makohozi. Zaidi ya miaka thelathini, mwanzo hapa Korogwe, kisha kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Handeni, kule kwenye ukame, ambako hata maji ya kuoshea slaidi tuliyasubiri kwa punda. Si kazi ya kujisifia ukweni. Baba yake mke wangu aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamweleza kwa kirefu, akanyamaza mpaka chai ikapoa. Lakini mimi niliipenda. Unachukua kijiti, unachagua lile donge la njano, unalipaka kwenye kioo cha slaidi, unalikausha na kulipitisha motoni, unamwaga rangi nyekundu, unapasha mpaka itoe mvuke, unaosha kwa asidi, unamalizia na bluu. Halafu unainama kwenye hadubini na kutafuta. Kama wadudu wa TB wamo, utawaona, vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu, vyembamba, vingine vimelaliana. Nilikuwa nikiwaona, moyo unaruka. Mtu huyu sasa atapona, kwa sababu nimemwona adui yake.

Aliyenifundisha alikuwa fundi mmoja mzee, mfupi, mkali kama pilipili ya shambani. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza ni mwandiko. "Tabibu hakuoni wewe," alikuwa akisema, "anauona mwandiko wako. Ukiandika kama kuku amekanyaga wino, naye atatibu kama kuku." Alinikalisha nikaandika neno "hasi" na neno "chanya" daftari zima, mpaka kila herufi ikasimama mahali pake. Mwandiko wangu ukawa mzuri hata walimu wa shule ya jirani wakaja kuniomba niwaandikie vyeti vya wanafunzi.

La pili ni kwamba hakupokea kopo la mate. Aliinua kopo dirishani, akaliinamisha kwenye mwanga, akiona ni mate tu analirudisha pale pale mbele ya watu. Siku moja alikuja mama wa Kishambaa aliyeteremka milimani kwa miguu tangu alfajiri. Mzee akalisukuma kopo lake nje ya dirisha. "Nimeomba makohozi, umeniletea mate! Kayatafute!" Watu wa kwenye benchi wakacheka. Yule mama aliokota kopo, akajifunika khanga mpaka usoni, akaondoka. Hakurudi. Nilimsubiri siku ile na wiki ile, na nikaapa moyoni kwamba nikiwa na dirisha langu mwenyewe, sitamrudishia mtu kopo.

Nilipohamishiwa Handeni nikapata dirisha langu, na kiapo nikakitimiza. Nilipokea kila kitu. Mzee mmoja alinirudishia kopo limeoshwa likang'aa, akanishukuru sana kwa kumwazima, nikapokea hata hilo. Mama akileta mate, nilipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante mama, nikapaka mate kwenye kioo, nikatafuta, sikuona kitu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Hasi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye rejesta kulikuwa na safu ya mwonekano. Hapo unatakiwa uandike ulichokiona kwa macho kabla ya hadubini: usaha, damu, au mate. Ukiandika "mate", tabibu anajua kwamba hiyo hasi haina maana, anaomba kopo lingine. Mimi safu ile niliiacha wazi. Niliona kumwandikia mama wa watu "mate" ni kumwaibisha kama alivyoaibishwa yule wa milimani. Nilidhani ni huruma. Tabibu wetu naye akiona "hasi" anamwambia mgonjwa huna TB, huo ni moshi wa jikoni, chukua dawa ya kikohozi, nenda nyumbani.

Na moshi upo kweli, msije mkanielewa vibaya. Wanawake wengi wa kule kifua kiliharibika na hawajawahi kushika sigara. Tabibu anamuuliza mama, "Unavuta sigara?" Mama anasema hapana, tabibu anafunga ukurasa huo. Sikuwahi kumsikia akiuliza, "Unapikia nini, na jiko lako lina dirisha?" Mwanaume anaumia mapafu kwenye machimbo, kwenye vumbi la mkonge, kwenye sigara na vilabu vya pombe, na kila mtu anaona anaumia wapi. Mwanamke anaumia ndani ya kajiko keusi ambako hakuna anayeingia. Halafu haji kukuambia "nakohoa". Anakuambia anachoka, mgongo unauma, usiku anatoka jasho. Kwa hiyo kikohozi cha mwanamke kina majina mengi, na kila jina linampeleka mbali na dirisha lako.

Ulifika mwaka mmoja tukaitwa kwenye kikao cha wilaya. Mratibu akasoma orodha za kila kituo, akauliza kwa nini kwetu wanaume wenye TB ni wengi na wanawake ni wa kuhesabu kwa vidole. Nikasimama, koti limepigwa pasi, nikasema, "Wanawake wa Handeni wana mapafu magumu, mheshimiwa. Wamezoea kubeba maji." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nikakaa nimeridhika. Nikikumbuka yale makofi, hadi leo masikio yanawaka.

Ni kweli wanaume huugua zaidi, hata vitabu vinasema hivyo. Lakini tofauti ya kwenye rejesta yangu haikuwa ya vitabu. Aliyeniambia alikuwa Bi Mwajabu.

Bi Mwajabu alikuwa mhudumu wetu, mama wa Kizigua wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu. Kazi yake ilikuwa kufagia, kumwagia makopo dawa, kisha kuyachoma kwenye shimo nyuma ya kituo. Asubuhi ya pili baada ya kikao nilimsimulia ule utani wangu wa mapafu magumu. Alikuwa ameegemea ufagio. Hakucheka.

"Dakta, mimi ndiye ninayeyachoma makopo."

"Najua, Bi Mwajabu."

"Basi nikuambie. Nikiyamwagia dawa, ya wanaume yananing'inia. Mazito. Ya wanawake yanamwagika kama maji. Siku zote. Nilifikiri unajua."

"Ninajua nini?"

"Kwamba unasoma mate."

Nilikasirika, mjue. Mimi, fundi, nafundishwa na mfagiaji! Nikamwambia ashughulike na ufagio wake. Akaenda. Nikakaa kwenye kiti changu, nikachukua makopo ya siku ile yaliyokuwa yamepangwa, nikayainamisha moja moja kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akifanya yule mzee wangu. La mwanaume likakaa palepale. La mwanamke likakimbia. La mwanaume, likakaa. La mwanamke, likakimbia.

Nikafungua rejesta. Nikaanza kufuata majina ya wanawake kwa kidole, na safu ya mwonekano wazi kila mahali, nyeupe. Nikafika kwenye jina moja nikasimama. Zaituni. Hasi. Nikafunua kurasa mbele: Zaituni, hasi. Nikafunua tena: Zaituni, hasi. Safari tatu katika miezi mitano.

Nilimfahamu Zaituni. Mwaka mmoja nyuma alikuwa akimleta mumewe, Ramadhani. Ramadhani alikuwa mgonjwa rahisi kuliko wote niliowahi kupima. Alikohoa pale pale kwenye benchi kwa sauti ya trekta, akajaza kopo karibu na mfuniko, akalileta dirishani kama mtu aliyeshinda mashindano. Slaidi ya kwanza tu, vijiti vyekundu tele. Alimeza dawa miezi sita, akapona, akanenepa. Na aliyemlaza, aliyemfulia, aliyelala naye chumba kimoja kisicho na dirisha alikuwa Zaituni, mjamzito. Halafu Zaituni akaanza kukohoa, nami nikamwambia mara tatu kwamba hana kitu.

Nikamfuata Bi Mwajabu shimoni. Nikamwomba radhi, kwa shida, maana mdomo wangu haukuzoea. Nikamuuliza, "Kwani wanawake hawawezi kukohoa?"

Akasema, "Dakta, wewe umewahi kumsikia mkeo akikohoa na kutema mbele ya baba yako?"

Nikatikisa kichwa.

"Unampa kopo, unamwambia nenda pale nje ukakohoe. Pale nje pana benchi la wanaume, pana jirani, pana mama mkwe aliyemsindikiza. Mwanamke akwangue koo mpaka atoe uchafu, watu wageuke? Anatema mate, anafunga. Unampa kopo la asubuhi, akakohoe kwao akiamka. Kwao ni wapi? Ni kwa wakwe. Ukuta wa udongo, baba mkwe yuko upande wa pili anatawadha. Makohozi anayameza, Dakta. Sisi tunameza."

"Huyu Zaituni unajua alipo?"

"Nasikia yuko hoi. Nasikia kesho wanamrudisha kwao Kilindi, mtoto wanabaki naye."

Kutoka pale hadi kijijini kwa Ramadhani ni mwendo wa bodaboda kwenye vumbi, na kutoka kijijini hadi kwao Kilindi ni mwendo ambao sisi tusingeweza kumfuata. Akienda huko, rejesta yangu ingebaki inasema hana ugonjwa, na angekufa akiwa hana ugonjwa. Nilichukua makopo matatu na boksi la chanjo lenye barafu. Bi Mwajabu akavua aproni. Nikamwambia si lazima aje. Akasema, "Utakwenda kumwambia nini mwanamke wa watu, peke yako?" Tukapanda pikipiki moja watu watatu, jambo ambalo nawakataza.

Tulifika saa nne. Kwenye ukumbi wa nyumba kulikuwa na begi limefungwa kwa kamba, na mkeka umekunjwa. Bi Fatuma, mama yake Ramadhani, alitupokea vizuri, akatupa viti, akauliza habari za kazi na za nyumbani, tukajibu zote. Ramadhani alikaa kwenye kizingiti, kifua kipana. Ndani tulikisikia kikohozi cha chini sana, kama mtu anayekohoa ndani ya mto.

Nikasema nimekuja kumpima Zaituni tena.

Bi Fatuma aliingia ndani akatoka na karatasi tatu, zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Akaniwekea magotini. "Mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu, mama."

"Umempima mara tatu ukasema hana TB. Mwanangu alikuwa nayo, ukaiona mara moja, tukakushukuru. Huyu hana, umesema mwenyewe. Sasa amekwisha, hatuna jina la ugonjwa wake, na watu wameanza kusema. Leo unataka kuandika nini?"

Vijana, nimewahi kupasua chupa ya asidi mguuni, nimewahi kusimamishwa na mganga mkuu mbele ya wageni, lakini sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu kama kile. Ningeweza kusema utaratibu umebadilika, au kwamba tabibu ametaka kipimo kingine. Maneno hayo yote yalikuja mdomoni. Nikazitazama zile karatasi, zile herufi zilizosimama vizuri, nikaona hizo ndizo zilizofunga lile begi.

"Mama, nilikosea. Nilipima mate. Sikupima kifua chake. Karatasi hizi hazisemi kitu."

Ramadhani akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mara zote tatu?" akauliza.

"Zote tatu."

Niliona mishipa ya shingo yake imetoka, nikajua akinipiga ananipiga kwa haki. Hakunipiga. Alimgeukia mama yake. "Mama, mimi nilikohoa humu ndani miezi mitatu. Nilitema hapo mlangoni. Mlinifukizia dawa, mkanipikia uji. Hakuna aliyesema nirudishwe kwetu."

"Wewe uko kwenu," Bi Fatuma akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Zaituni akatoka akishika ukuta. Niliposoma lile jina kwenye rejesta nilimkumbuka mwanamke mnene wa uso. Aliyetoka alikuwa macho na mifupa ya mabega. Mtoto alikuwa mgongoni kwa binti wa jirani. Zaituni alipiga goti kidogo kunisalimia, na salamu yenyewe ikamkata pumzi.

Nikampeleka nyuma ya nyumba, mahali pa wazi, upepo ukitupuliza mgongoni. Nikamwonyesha: pumua kwa nguvu, shikilia, pumua tena, kisha kohoa kutoka chini kabisa, tumboni. Nikasogea mbali nikampa mgongo. Akakohoa kidogo, akatema. Kopo la kwanza nikaliinamisha. Likakimbia. Nikampa la pili nikamweleza upya. Kimya, kikohozi kidogo kama cha paka, kimya. La pili nalo likakimbia. Kupitia mabua ya uzio nilimwona Bi Fatuma amesimama upande wa pili, na Ramadhani, na majirani wawili waliokuja kusalimia. Zaituni naye alikuwa anawaona. Lilibaki kopo moja, na alikuwa amechoka, midomo imeanza kupauka.

"Ngoja," Bi Mwajabu akasema.

Akazunguka mbele. Nikamsikia akiuliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Mna kinu hapa?"

Kinu kilikuwa chini ya upenu. Akakisogeza karibu na uzio, akaomba mahindi kidogo, akashika mchi, akaanza kutwanga. Du. Du. Du. Sikuelewa. Nilidhani amechanganyikiwa na jua. Bi Fatuma naye alishtuka. Mgeni wa siku ya kwanza, tena mama mtu mzima, anatwanga kwenye nyumba ya watu na mwenye nyumba amesimama anatazama! Hakuna mwanamke wa kule anayeweza kuivumilia aibu hiyo. Akamkimbilia. "Bibi, acha! Mgeni siku ya kwanza hapewi mchi!"

"Basi twanga wewe," Bi Mwajabu akamwambia taratibu. "Twanga kwa nguvu, mpaka mkaza mwana wako asisikike."

Bi Fatuma alisimama na mchi mkononi. Akautazama uzio. Nadhani ni hapo alipoelewa, kabla yangu mimi fundi. Kisha akatwanga. Alitwanga kwa mikono miwili, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mpaka ardhi ikatikisika, na majirani wakarudi nyuma.

Chini ya ule mshindo nikasikia Zaituni akivuta pumzi. Safari hii ilikuwa ndefu. Kisha kikohozi kikatoka, kile chenyewe, cha chini, kilichokuwa kimezuiwa miezi mitano. Bi Fatuma akapunguza kutwanga ili asikilize, na mara ile ile Zaituni akakatiza. Nikapunga mkono juu ya uzio kama kichaa: usiache, mama, usiache! Du. Du. Du. Kikohozi kikarudi, kikawa kinapanda na mchi, kinashuka na mchi. Nilikuwa nimekunja ngumi na kucha zimeniingia kiganjani. Nilimwomba Mungu vitu viwili kwa wakati mmoja, kwamba atoe na kwamba asianguke.

Mchi ukanyamaza. Nikageuka. Zaituni amekaa chini, jasho linamtiririka, ameninyooshea kopo limefungwa. Nikaliinamisha. Halikukimbia. Lilining'inia, zito, la njano, na uzi mmoja wa damu ndani yake.

Nikamwambia Bi Fatuma, "Mama, nakuomba kitu kimoja. Asiondoke kesho."

Alikuwa anapumua kwa nguvu, ameegemea mchi. Kisha akaenda ukumbini, akaifungua ile kamba ya begi.

Njia nzima ya kurudi nililikumbatia lile boksi. Sikumbuki kama nilikula mchana. Nilipaka, nikakausha, nikapasha rangi, kwa papara hata Bi Mwajabu akaniambia afadhali anishikie kijiti. Nikainama. Sikuhitaji kutafuta. Walikuwa kila mahali, wekundu, wamejaa uwanja mzima, na mimi nilikuwa nimewapita mara tatu. Nililia pale pale juu ya hadubini, sioni haya kusema. Nililia kwa furaha na kwa hasira.

Zaituni alianza dawa siku ya pili yake. Mtoto alipewa dawa ya kinga. Wiki tatu za kwanza sikulala vizuri, maana alikuwa amechelewa sana, na tabibu alinieleza wazi kwamba dawa zinaweza kufika na mwili umeshakata tamaa. Nilimtuma Bi Mwajabu kila Ijumaa akaniletee habari, nikawa naogopa kumuuliza, namtazama tu anavyotembea akirudi. Wiki ya nne alirudi anatembea kwa haraka. "Amekula ugali," akasema, "na amegombana na Ramadhani."

Baada ya hapo tuliomba kinu cha zamani kwa mtu, tukakiweka uani nyuma ya tangi la maji, na Bi Mwajabu akawa ndiye anayewapeleka wanawake, mmoja mmoja, mbali na benchi. Mwenye nguvu alitwanga mwenyewe, maana kutwanga kwenyewe kunafungua kifua. Asiye na nguvu alitwangiwa. Mratibu alipokuja kukagua akauliza kinu ni cha nini, nikamwambia ni kifaa cha maabara. Alicheka mpaka nilipomfungulia rejesta. Wanawake walikuwa wameanza kuonekana. Nikasimama pale pale nikamwambia kwamba ule utani wangu wa mapafu magumu aufute kwenye kumbukumbu za kikao, akasema haukuandikwa. Nikasema basi uandike, kisha uufute.

Halafu nilirudi nyuma kwenye rejesta, jina kwa jina, wanawake wote wa "hasi" niliowaachia safu nyeupe. Tuliwatafuta. Wengine walikuwa wazima, walikuwa na mafua tu. Wengine tuliwawahi. Na kwenye nyumba moja nilipomtaja mwenyewe kwa jina, mzee wa nyumba alivua kofia, akanionyesha kwa kidevu nyuma ya migomba. Hakunilaumu. Alinishukuru kwa kukumbuka kuja. Nilikubali shukrani ile kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, na bado ninayo.

Zaituni alimaliza miezi sita. Siku ya kopo la mwisho alikwenda nyuma ya tangi, akakaa, akarudi na kopo tupu. "Leo hata mkitwanga kituo kizima, Dakta, hakuna kitu," akasema, akacheka kwa sauti, mbele ya benchi zima la wanaume. Alipona, lakini pafu moja halikurudi kama lilivyokuwa. Akipanda kilima anasimama njiani. Kutwanga hawezi. Nilipita kwao kuaga nilipostaafu, nikasikia mshindo wa kinu tangu mbali, nikamkuta Bi Fatuma, amezeeka kweli, anatwanga, na mkaza mwana wake amekaa pembeni na ungo, anapepeta. Nikasema, "Mama, bado unatwanga tu?" Akanijibu bila kuinua uso, "Nani mwingine atatwanga? Wewe?"

Nilipoondoka akaniita. Akaingia ndani akatoka na ule mfuko wa nailoni. "Chukua vitu vyako," akasema.

Yule binti wa maabara nitampelekea Jumatatu. Abandike ukutani, juu ya ile mashine, mahali ambapo mtu akishika kopo la mwanamke atainua macho azione. Ni karatasi tatu, zimeanza kuwa za njano kwenye mikunjo. Jina ni moja kwenye zote, na jibu ni moja. Sitamweleza kitu zaidi ya haya. Atazame tu mwandiko ulivyo mzuri, kila herufi imesimama mahali pake.